Mkono wa Kushoto na wa Kulia: Historia ya Kibodi na Kipanya

Mabishano kuhusu kipi kinafaa zaidi katika kupitia kurasa za tovuti, vitufe vya kibodi au kipanya, huendeshwa kana kwamba vifaa hivyo viwili vilizaliwa mahasimu, ilhali mtu aliyebuni kipanya hakukusudia kamwe kitumike peke yake. Kibodi ndiyo yenye umri mkubwa, kwa kuwa mpangilio wa herufi zake ulirithiwa kutoka kwenye taipureta ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, ambayo kampuni ya Remington iliiingiza sokoni katika miaka ya 1870. Hata kitufe cha Tab, ambacho leo humvusha msomaji kutoka kiungo kimoja hadi kingine, kina asili yake katika kile kitufe cha taipureta kilichosogeza roli lenye karatasi hadi mahali palipopangwa, ili karani achape majedwali yenye safu zilizonyooka.

Kipanya kilikuja karibu karne moja baadaye. Douglas Engelbart, mhandisi wa Taasisi ya Utafiti ya Stanford huko Menlo Park, California, alikuwa akitafuta namna bora ya kulichagua neno lililo kwenye skrini, na mwaka 1964 mwenzake Bill English akatengeneza kisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja juu na magurudumu mawili chini, moja likipima mwendo wa kwenda kando na jingine ule wa mbele na nyuma. Waya uliotoka humo ulifanana na mkia, na ndipo likapatikana jina ambalo Kiswahili kimelipokea kwa kulifasiri. Kisanduku hicho kilishindanishwa na vifaa vingine, ikiwemo kalamu ya mwanga, yaani kalamu iliyoelekezwa kwenye kioo chenyewe, pamoja na wenzo uliofungwa chini ya meza na kusukumwa kwa goti. Ajabu ni kwamba wanagenzi walilimudu goti haraka kuliko kipanya, lakini waliokwisha kuzoea walikuwa wepesi zaidi na wenye makosa machache zaidi walipotumia kipanya.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Engelbart alionyesha mfumo wake mbele ya hadhara ya wataalamu kwa muda wa dakika 90. Mkono wake wa kulia ulishika kipanya, katikati palikuwa na kibodi ya kawaida, na mkono wa kushoto ulikaa juu ya kidude chenye vitufe vitano virefu, vilivyobonyezwa kwa pamoja kama mpiga kinanda anavyobonyeza sauti kadhaa kwa mara moja, ambapo kila mchanganyiko ulitoa herufi au amri. Kwa mtazamo wake, mkono mmoja huonyesha na mwingine huamuru, na wala haikumsumbua kwamba ustadi huo ulihitaji mazoezi, kwa sababu aliamini kuwa chombo kizuri kinastahili kujifunzwa. Walimwengu walikipokea kipanya na kukiacha kile kidude cha vitufe vitano.

Hata hivyo, wazo la mikono miwili halikufa. Larry Tesler, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto kabla ya kuhamia Apple, alichukia programu ambazo kitufe kilekile huandika herufi wakati mmoja na kutekeleza amri wakati mwingine, kwa kutegemea hali ambayo mtumiaji ameiacha kompyuta. Katika Lisa, kompyuta iliyotolewa na Apple mwaka 1983, amri za kutendua, kukata, kunakili na kubandika zilipewa vitufe vya Z, X, C na V, ambavyo ni majirani wanne wa safu ya chini upande wa kushoto, na ambavyo baadaye kwenye mifumo mingine vilishirikishwa na kitufe cha Ctrl. Ukiutazama mkono wa karani yeyote leo, utaona kidole kidogo kimekaa kwenye Ctrl, kile cha shahada kikigusa C kisha V, na mkono wa kulia haujakiachia kipanya hata kidogo. Kwa hiyo njia za mkato maarufu kuliko zote duniani hazikifukuzi kipanya, bali hukisaidia. Kwa msemaji wa Kiswahili zina wema mwingine pia: wakati P ya amri ya kuchapa na F ya amri ya kutafuta ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, ambazo hazimkumbushi mtu kuchapa wala kutafuta, Z, X na V hukumbukwa kwa mahali zilipo.

Apple yenyewe ilivuka mpaka mwaka 1984, ilipotoa Macintosh ambayo kibodi yake haikuwa na vitufe vya mishale, ili watumiaji na waandishi wa programu walazimike kukitumia kipanya. Ulikuwa ubabe usio na sababu ya kutosha, na mishale ilirudi katika Macintosh Plus ya mwaka 1986.

Swali la wepesi lilikuwa limekwisha kupimwa. Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1980, walikadiria kwamba mchapaji stadi hutumia takriban sekunde 0.2 kubonyeza kitufe, sekunde 1.1 kuelekeza kipanya, sekunde 0.4 kuuhamisha mkono kati ya vifaa hivyo, na sekunde 1.35 kujiandaa kiakili kabla ya tendo. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika na mashabiki wa kibodi, kwani njia ya mkato ambayo mtu anaitafuta kichwani imekwisha kupoteza faida yake.

Wavuti ulipofika, ulianza na vitufe kwa wengi. Kivinjari cha maandishi matupu kilichosambazwa na CERN mwaka 1991 kiliviwekea viungo namba, na msomaji akachapa namba ya kile alichotaka. Kivinjari cha Mosaic cha mwaka 1993 kiliyafanya mabofyo kuwa desturi, na wajenzi wa tovuti wakaanza kutengeneza menyu zinazofunguka tu pale kipanya kinapopita juu yake. Walioumia ni wasioona, ambao kielekezi kwao hakina maana na ambao husikiliza ukurasa kupitia programu za kusoma skrini, pamoja na wale ambao mikono yao hutetemeka au huuma. Kwa ajili yao, miongozo ya ufikivu ya W3C, muungano unaoweka viwango vya wavuti, iliyotolewa mwaka 1999 na kuandikwa upya mwaka 2008, ilidai kwamba shughuli za ukurasa ziweze kufanyika kwa kibodi. Tovuti inayoshindwa kulitimiza sharti hilo hujulikana upesi: bonyeza Tab mara chache ukurasa ukishafunguka, na uangalie kama kuna chochote kinachosogea.