Ua la Usambara na Nduguye wa Uluguru

Wapenzi wa ushairi wanamkumbuka William Ernest Taylor, mmisionari wa Mombasa, kwa mashairi ya Muyaka aliyoyakusanya pamoja na Mwalimu Sikujua. Wachache wanajua kwamba mwaka 1887 mtu huyohuyo alichuma mmea mdogo wa kivulini, wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Miaka mitatu kabla yake, John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, naye alikuwa amepeleka sampuli Kew, London. Sampuli hizo hazikutosha kuupa mmea jina.

Jina likaenda kwa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya ya Tanga. Ajabu ni kwamba huyu naye alikuwa mwanafunzi wa lugha yetu; kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka 1890. Mwaka 1892 ua hili la Usambara lilifika kwa baba yake Ujerumani, naye akampa Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover. Mwaka uliofuata Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Mfanyabiashara Benary wa Erfurt akauza mbegu zake. Miaka ya 1920 kitalu cha Armacost and Royston, Los Angeles, kikaotesha mbegu kutoka Ulaya na kuchagua aina kumi, na kufikia 1946 Wamarekani walikuwa na chama kizima cha walezi wa ua hili. Safari yote hiyo ilianzia kwenye miamba yetu, na inaniuma kwamba watoto wetu wengi hawaijui.

Sisi wa Morogoro tuna fungu letu. Walter Goetze alikusanya mimea Uluguru mwaka 1898, akafariki mwaka uliofuata. Mwaka 1900 Adolf Engler wa Berlin akalipa ua moja la huko jina la Goetze: Saintpaulia goetzeana. Ni mmea unaotambaa, wenye majani madogo, unaotaka ubaridi na unyevu wa mlimani. Hata walezi hodari wa Ulaya hupata shida kuukuza. Miti iliyo juu yake ikikatwa, jua la mchana linaukausha. Ndiyo maana naithamini sana Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa 2008.

Lile la Usambara ndilo linalokubali kukaa nasi. Huku kwetu Gairo kuna upepo na vumbi, kwa hiyo bustani yake ni ndani: dirisha lenye mwanga lakini lisilopigwa na jua kali. Chukua jani lililokomaa pamoja na kikonyo chake, ukipunguze kibaki kama sentimita tatu, kisha ukichomeke kwa mshazari kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Baada ya miezi miwili hivi, vijani vidogo vyenye manyoya huchungulia penye shina la jani lile. Vikipata nguvu, vitenganishe, kila kimoja kopo lake lenye tundu chini. Usimwagie maji juu: tone la maji baridi huacha baka jeupe kwenye jani, na baka hilo halifutiki. Weka maji kwenye kisahani, mmea unywe kwa mizizi kama unavyokunywa kwenye mwamba wa msituni, kisha umwage yanayobaki. Jani la kuanzia liombe kwa jirani au ulinunue kitaluni. Ya msituni yaache yalipo.