Kuunda kompyuta ya kwanza ya gemu ukiwa Tabora: Anza na umeme

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MSAFARA uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika karne ya 19 ulikuwa na kazi moja ngumu kabla ya kupiga hatua ya kwanza, nayo ilikuwa kuchagua shanga. Henry Morton Stanley, aliyepita njia hiyo mwaka 1871 akimtafuta Dk. David Livingstone, aliandika kwamba shanga nyeusi zilizopokelewa Ugogo zilikataliwa kwingine, kwamba Wanyamwezi walipendelea nyekundu za samesame, na kwamba aina nyingine ilithaminiwa huko Ujiji lakini haikutakiwa njiani. Aliyekosea kuchagua pwani alibeba mzigo usioweza kumnunulia hata kibaba cha mtama, na duka la kubadilishia lilikuwa nyuma yake kwa mwendo wa miezi.

Kijana wa Tabora anayetaka kuunda kompyuta yake ya kwanza ya kuchezea gemu yumo katika hali inayokaribiana na hiyo. Sehemu kubwa ya vifaa ipo Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa Reli ya Kati iliyofika hapa mwaka 1912. Huagiza kwa simu, hutuma fedha kwa simu, na mzigo huja kwa basi. Kifaa kisichooana na vingine hakirudi kirahisi, na muuzaji akikubali kukipokea, nauli ya kwenda na kurudi hubaki kuwa ya mnunuzi. Kwa familia ya mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge, ambayo fedha zake nyingi huja mara moja kwa mwaka, kosa moja linaweza kumaanisha kungoja hadi msimu mwingine.

Kwa sababu hiyo, ushauri unaotolewa kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani, wa kutafuta kwanza prosesa na kadi ya michoro yenye kasi kubwa kuliko zote, haufai kuchukuliwa kama ulivyo. Huku magharibi ya nchi swali la kwanza ni kifaa gani kitaingia, kitawaka na kitaendelea kuwaka.

Kabla ya yote, amua gemu na kioo. Anayetaka eFootball, GTA V na gemu nyingine za miaka ya 2010 kwenye kioo cha nukta 1920 kwa 1080 hahitaji mashine ya kutisha. Mwenye kioo cha zamani cha nukta 1600 kwa 900 anahitaji nguvu pungufu zaidi, kwa kuwa kadi huchora nukta chache. Kioo cha namna hiyo kisitupwe kwa aibu. Fedha yake ielekezwe kwingine.

Baada ya hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika na kuiongezea kadi ya michoro. Ya pili ni kuunda yote kwa vifaa vipya. Kwa mwenye bajeti ndogo anayeanza, mwandishi anaipendelea ya kwanza bila kusita, kwa sababu prosesa, bodi kuu, RAM na pawa saplai huja vikiwa vimekwisha kuishi pamoja kwa miaka. Hatari ya kutooana inabaki kwa kifaa kimoja tu.

Hapa kuna tahadhari ya lugha. Wauzaji wengi huita kasha zima "CPU", ilhali CPU ni prosesa tu, kipande kinachoenea kiganjani. Ukiagiza kwa simu, taja jina kamili la kompyuta na la prosesa iliyomo, na uombe picha ya lebo ya nyuma.

Zinazofaa ni kama Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4, zote za mwaka 2018, zikiwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kama Core i5-8500 yenye viini sita. Kizazi hicho si cha kubahatisha. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Core za kizazi cha saba kwenda nyuma, isipokuwa chache mno. Baadhi ya gemu za mtandaoni, Valorant ikiwamo, hukagua pia usalama wa mashine kabla ya kukuruhusu kucheza. Kompyuta ya kizazi cha nne au cha sita itaonekana ya bei nafuu dukani, lakini mlango wa gemu hizo umekwisha kuanza kufungwa. Asiyezihitaji anaweza kutumia Linux, kwani tangu mwaka 2018 kampuni ya Valve imekuwa ikitoa Proton, programu inayowezesha gemu nyingi za Windows kuchezwa humo.

Angalia pia umbo la kasha. Kompyuta hizo hutengenezwa zikiwa na makasha ya wima makubwa, membamba na madogo mithili ya kitabu. Hayo madogo hayapokei kadi ya michoro kabisa. Membamba hupokea kadi fupi pekee, ambazo ni chache na aghali zaidi. Tafuta kasha kubwa, hata kama limekwaruzika.

Sasa tufike kwenye umeme, mahali ambapo vijana wengi hupotezea fedha zao.

Pawa saplai za kompyuta hizi za ofisi kwa kawaida ni za wati 180 hadi 260, na plagi zake za ndani mara nyingi si za kawaida, hivyo huwezi kuchomeka tu nyingine ya dukani bila waya wa kubadilishia. Kadi ya michoro inapaswa basi kuridhika na umeme wa tundu lake kwenye bodi, ambao kikomo chake ni wati 75. Zipo zinazotosha hapo. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hutumia wati 75, ingawa kuna matoleo yanayodai waya wa ziada, kwa hiyo tazama ukingo wa kadi kwenye picha. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka mwaka 2024, hutumia wati 70 na ndiyo bora kati ya hizi, bajeti ikiruhusu. RX 6400 hutumia wati 53 tu na inavutia kwa hilo, lakini huwasiliana na bodi kwa njia nne pekee, na kwenye mashine za mwaka 2018 hupoteza sehemu ya kasi yake.

Atakayeunda kwa vifaa vipya asidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa pawa saplai. Tafuta kwenye lebo mstari wa 12V, kwa kuwa prosesa na kadi hula hapo. Zidisha 12 kwa idadi ya ampea. Iliyoandikwa "500W" lakini ikaonesha ampea 18 kwenye mstari huo inatoa wati 216 tu kwa vifaa vinavyohitaji. Pawa saplai ya kampuni inayojulikana yenye wati 450 au 500 za kweli inatosha kwa kompyuta ya bajeti, na ndicho kifaa ambacho mwandishi angeshauri kinunuliwe kipya hata kama vingine vyote ni vya mtumba.

Zipo pawa saplai zenye swichi ndogo nyekundu nyuma yake, yenye maandishi 115 na 230. Mashine iliyotumika Marekani inaweza kufika ikiwa imewekwa kwenye 115. Umeme wetu ni wa volti 230. Ukiichomeka bila kuitazama utasikia mlio mmoja, kisha harufu.

Nje ya kasha kuna umeme wa nyumba wenyewe. Kukatika ni jambo moja. Kurudi kwa kishindo, au kupungua nguvu jioni hadi taa zikawa nyekundu, ni jambo jingine. Miji ya Kigoma na Mpanda kwa miaka mingi ilitegemea majenereta ya dizeli, na wenyeji wake wanayajua haya kuliko yeyote. Kifaa cha kulinda friji, kile kinachongoja dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita, husaidia. UPS husaidia zaidi, lakini isomwe vizuri. Namba ya VA si wati. UPS ya 650VA kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390, zinazotosha kompyuta ya ofisi yenye kadi ya wati 75 pamoja na kioo, kwa dakika za kuhifadhi mchezo na kuzima, si za kumaliza mechi. Hakikisha pia soketi ya ukutani ina waya wa ardhini. Kasha linalokupiga shoti kidogo unapoligusa linakwambia kwamba waya huo haupo.

Katika njia ya pili, vifaa vya soketi ya AM4 ya AMD bado ndivyo vinavyompa mwenye kipato kidogo nafasi ya kupumua. Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 ina viini sita na hutumia wati 65. Ndugu yake 5600G ina kadi ya michoro ndani yake, kwa hiyo mtu anaweza kuanza kucheza gemu nyepesi leo na kununua kadi baada ya mavuno. Herufi hizo si mapambo. Kwa upande wa Intel, Core i3-12100F ni prosesa nzuri ya bei ya chini, lakini F ina maana kwamba bila kadi ya michoro kioo kitabaki cheusi.

Bodi kuu, ambayo mafundi huiita mazabodi, ndipo penye mtego wa shanga. Bodi ya B450 ilitoka mwaka 2018, kabla ya prosesa za Ryzen 5000 kuwapo. Ikiwa haijasasishwa BIOS yake, haitaitambua prosesa, na kuisasisha mara nyingi kunahitaji prosesa ya zamani ambayo huna. Mwombe muuzaji aiwashe na prosesa hiyohiyo dukani na akutumie video kabla hujalipa. Bodi za prosesa za kizazi cha 12 cha Intel nazo hutofautiana: zipo zinazotumia RAM ya DDR4 na zipo za DDR5, na mojawapo haiingii kwenye nyingine.

Mwandishi wa makala hii aliwahi kupokea stendi ya mabasi RAM ya DDR3 kwa ajili ya bodi ya DDR4. Kosa lilikuwa lake. Aliagiza "RAM ya gigabaiti 8" bila kusema zaidi. Vijiti hivyo hufanana kwa mbali, lakini pengo la chini halikai mahali pamoja.

RAM inayofaa sasa ni gigabaiti 16, kwa vijiti viwili vya 8, kwa kuwa viwili hufanya kazi sambamba na huongeza kasi, hasa kwa 5600G inayoazima RAM hiyo kuchorea picha. Bei yake ilipanda sana kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo kompyuta ya ofisi inayokuja na RAM ndani yake imezidi kuwa na maana.

Kadi za michoro za mtumba zinahitaji jicho kali. Sarafu ya mtandaoni ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kutumia kadi Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zilimwagwa sokoni. Nyingi ni nzima, hasa zikibadilishiwa feni na dawa ya kupitishia joto. Hata hivyo, RX 580 hula wati 185, na lipo toleo lake lenye viini 2048 badala ya 2304, linalouzwa kwa jina lilelile. Mbaya zaidi ni kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huweza kuzigundua nyingi. Omba picha ya ukurasa wake. Kwa SSD na diski za bei ya kushangaza, H2testw hujaza diski yote na kuonesha kama gigabaiti zilizoandikwa zipo kweli.

Kasha lenye taa za rangi haliongezi hata fremu moja. La Tabora liwe na wavu wa kuzuia vumbi mbele, unaotoka na kuoshwa, na lisiwekwe sakafuni. Kuanzia Septemba hadi mvua zianze Novemba, joto na vumbi huja pamoja, na feni iliyoziba hupunguza kasi ya gemu kabla hujaelewa sababu.

Mzigo ukifika, usikimbilie kufunga skrubu. Weka bodi juu ya boksi lake la karatasi, unganisha prosesa, feni yake, RAM na pawa saplai, pamoja na kadi ya michoro ikiwa prosesa haina yake, kisha uwashe. Piga video tangu unapokata gundi ya kifurushi.

Linabaki suala la bando. Gemu ya EA Sports FC huomba takribani gigabaiti 100 za diski, kwa hiyo SSD ya 256 hujaa haraka. Ya 500 inafaa zaidi, pamoja na diski ya zamani ya kuhifadhia nakala ili usipakue mara ya pili. Tangu mwaka 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani kupeana gemu kwa waya. Rafiki wa mtaa wa pili mwenye gemu unayoitaka anaweza kuja na mashine yake, na ikahamia kwako ndani ya saa moja hivi bila kugusa bando, ilimradi kila mmoja awe ameipata kwa halali kwenye akaunti yake.