Miaka Ambayo Miji Yetu Haikuwa na Madiwani

Ajenda ya Baraza la Madiwani katika jiji dogo kama Tanga haina jambo la kumsimamisha mpita njia. Kikao hufunguliwa kwa dua, ajenda huthibitishwa, muhtasari wa kikao kilichopita hupitiwa ukurasa kwa ukurasa, kisha hufuata yatokanayo, taarifa za kata, taarifa za kamati za kudumu na maswali ya papo kwa papo. Kinachojadiliwa ni mfereji ulioziba, choo cha soko kisicho na maji, zahanati inayosubiri mganga, ushuru uliokusanywa pungufu. Miezi mitatu ikipita, baraza hukutana tena na sehemu kubwa ya mambo hayo hurudi mezani. Waandishi wa habari huja siku ya bajeti au madiwani wanapokorofishana, na wananchi wengi wameshaamini kwamba vikao hivi ni vya kugawana posho tu. Makala haya yanashikilia kinyume chake: shughuli hizi za kila robo mwaka, pamoja na uchovu wake wote, ndizo zinazoufanya mji ukalike. Ushahidi tunao katika historia yetu wenyewe, kwa sababu Tanzania Bara iliwahi kuishi miaka mitano ambayo miji yake haikuwa na mabaraza.

Serikali za mitaa tulizirithi zikiwa na kasoro nyingi. Sheria ya mwaka 1926, iliyotungwa chini ya Gavana Donald Cameron, iliwapa machifu mamlaka ya kutoza kodi na kuamua kesi kwa niaba ya mkoloni, huku miji ikibaki mikononi mwa maofisa wa serikali. Dar es Salaam ilipata halmashauri ya manispaa mwaka 1949, na sheria ya mwaka 1953 ikafungua njia ya kuunda halmashauri katika miji mingine na katika wilaya. Wajumbe wa mwanzo waliteuliwa, na nafasi ziligawanywa kwa rangi ya mtu. Wananchi hawakulikubali jambo hilo kimyakimya. Mwaka 1958 watu wa Geita waliikataa halmashauri ya mseto waliyoletewa bila ridhaa yao, wakaenda hadi Mwanza kupinga. Walikuwa wameshatambua kwamba chombo kinachoamua habari za kodi, masoko na barabara zao si kitu kidogo, na kwamba mwenye haki ya kukalia viti vyake ni mtu waliyemchagua wenyewe.

Uhuru ulipopatikana, utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963 na halmashauri za wilaya zikachukua nafasi. Kazi zilizokabidhiwa halmashauri hizo zilikuwa kubwa: shule za msingi, zahanati, barabara za ndani, maji. Fedha hazikulingana na kazi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 hali ikawa mbaya zaidi. Mwaka 1969 serikali ilifuta kodi ya kichwa na ushuru wa mazao, ambavyo ndivyo vilikuwa uti wa mgongo wa mapato ya halmashauri za wilaya. Baada ya hapo kilichosalia kilikuwa jina na jengo. Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya Marekani iitwayo McKinsey, Mwalimu Nyerere alitangaza mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa katikati ya mwaka huo, na za miji zikafuata katikati ya mwaka 1973.

Nia ya mpango huo ilikuwa njema, na ni lazima isemwe hivyo. Mwalimu alitaka maamuzi yatoke wizarani Dar es Salaam yawafuate wananchi waliko. Mawaziri kadhaa walipelekwa kuwa wakuu wa mikoa, wataalamu wakahamishiwa wilayani, na kila mkoa na wilaya ikapewa mkurugenzi wa maendeleo. Waliohama walikuwa maofisa wa serikali kuu, wakiendelea kuajiriwa nayo, kulipwa nayo na kuwajibika kwake. Diwani, ambaye kazi yake ilitegemea kura za watu wa kata yake, hakuwamo tena katika mnyororo wa uamuzi kama ilivyokuwa mwanzo. Kamati mpya za maendeleo ziliweza kushauri, lakini hazikuwa na mfuko wake, hazikuajiri na hazikutunga sheria ndogo. Miji nayo iliunganishwa na wilaya za vijijini zilizoizunguka, na bajeti yake ikawa fungu ndani ya bajeti ya mkoa ambao macho yake yote yalikuwa kwenye vijiji na kilimo.

Ili kuelewa kilichopotea hapo, tuufuate mfereji mmoja wa maji ya mvua. Mfereji hujaa mchanga na taka kila mwaka, kwa hiyo ni lazima uzibuliwe kila mwaka kabla ya masika. Hakuna mpango wa miaka mitano utakaoutaja, hakuna mfadhili atakayeweka jiwe la msingi juu yake, wala hakuna kiongozi wa kitaifa atakayekuja kukata utepe. Katika utaratibu wa baraza, mwenyekiti wa mtaa hulipeleka suala hilo kwenye kamati ya maendeleo ya kata, diwani hulibeba hadi kamati ya mipango miji na mazingira, kamati ya fedha hulitafutia fungu, baraza huazimia. Kisha huja hatua iliyo muhimu kuliko zote, nayo ni yatokanayo. Robo inayofuata, mkurugenzi hulazimika kueleza mbele ya wajumbe azimio lile limefikia wapi. Akijibu kwamba utekelezaji unaendelea, jibu hilo huandikwa, na robo nyingine huulizwa tena. Sehemu kubwa ya kazi ya mji ni matengenezo ya namna hii, na matengenezo hayana mtetezi mwingine zaidi ya mtu ambaye wapiga kura wake hulala na maji ndani nyumba zao zinapofurika.

Ukimwondoa mtu huyo, mfuko wa mji na daftari la maazimio, mfereji haukosi ofisa wa kuushughulikia. Unakosa mtu wa kumuuliza ofisa huyo. Ndivyo ilivyokuwa kati ya mwaka 1973 na 1978. Barabara za miji zilichimbika, maji taka yalifurika mitaani, taka zikalundikana, zahanati zikakosa dawa, na makazi yasiyopimwa yakaenea bila usimamizi. Kuanzia mwaka 1977 kipindupindu kilisambaa nchini, ugonjwa ambao hustawi pale maji safi na uchafu vinapokutana. Serikali haikungoja ushahidi zaidi. Mwaka 1978 Bunge lilipitisha sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji, na mwaka 1982 zikatungwa sheria kamili za serikali za mitaa: Namba 7 kwa wilaya, Namba 8 kwa miji na Namba 9 kwa fedha. Uchaguzi wa madiwani ulifanyika mwaka 1983, na mabaraza chini ya sheria hizo mpya yakaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo, katika mahojiano na jarida la Third World Quarterly, Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Ni wachache miongoni mwa viongozi waliopata kuhukumu sera zao wenyewe waziwazi namna hiyo wakiwa bado madarakani.

Yupo atakayesema kwamba miji haikuharibika kwa kukosa madiwani bali kwa umaskini. Hoja hiyo ina uzito. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwishoni mwa 1973, ukame wa 1973 na 1974 ukailazimisha nchi kununua chakula nje, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Lakini tuangalie mfuatano wa miaka. Mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa ilipanda sana katika soko la dunia na akiba yetu ya fedha za kigeni ikawa na nafuu, na ni katika kipindi hichohicho hali ya afya mijini ilipofikia kuitisha serikali. Vita vya Kagera, vilivyoumaliza uchumi, vilianza Oktoba 1978, wakati uamuzi wa kurudisha halmashauri za miji ulikuwa umeshapita. Umaskini hueleza kwa nini hapakuwa na lori jipya la taka. Hauelezi kwa nini fedha chache zilizokuwapo hazikufika kwenye mifereji na majalala. Kuzibua mfereji kunahitaji majembe, matoroli na mtu wa kufuatilia, na kati ya hivyo vitatu kilichoadimika zaidi kilikuwa cha tatu.

Wengine hukumbusha kwamba halmashauri za kabla ya 1972 zilikuwa dhaifu na zilistahili kuondolewa. Dhaifu zilikuwa, hasa za wilaya. Ila haiwezekani kumnyang'anya mtu jembe mwaka 1969 kisha kumlaumu mwaka 1972 kwamba hakulima. Isitoshe, halmashauri za miji, zilizokuwa bado na kodi za majengo, leseni na ushuru wa masoko, zilijitegemea kuliko za vijijini, lakini nazo zilifutwa. Kama udhaifu ndio uliokuwa sababu, dawa ilikuwa kuziongezea mapato na wataalamu. Hiyo ndiyo njia iliyochukuliwa mwishowe baada ya mabaraza kurudi, na ndiyo iliyoandikwa katika Sera ya Maboresho ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1998, iliyolenga kupeleka madaraka na fedha kwa wananchi.

Pingamizi lililo zito kuliko yote linatoka Dar es Salaam. Mwaka 1996 serikali ililivunja Baraza la Jiji kwa kushindwa kazi, ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na wakazi wengi wanakumbuka kwamba usafi na ukusanyaji wa mapato viliimarika. Je, hilo halithibitishi kwamba wateule hufanya kazi vizuri kuliko madiwani? Linathibitisha kwamba baraza linaweza kuoza, na kwamba usimamizi thabiti huleta matokeo. Lakini Tume haikuwa marudio ya 1972. Ilikuwa na mamlaka ya mji, mapato ya mji na muda maalumu, na kazi yake iliishia mwaka 2000 kwa kukabidhi mji kwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke zenye madiwani wa kuchaguliwa. Jiji kuu la biashara likiharibika, nchi nzima huliona na serikali kuu huchukua hatua. Tanga, Mbeya, Moshi au Songea ikiharibika polepole, ni nani atakayeona mapema kama si watu walioketi katika baraza lake? Madiwani wabovu wana dawa yake, nayo ni ukaguzi, mahakama na sanduku la kura. Kutokuwa na madiwani hakuna dawa inayomfikia mkazi wa mtaa.

Haya si mambo ya kale tu. Tangu marekebisho ya mwaka 1984, serikali za mitaa zimo ndani ya Katiba, ibara ya 145 na 146, kwa hiyo si rahisi kuzifuta kwa tamko. Zinaweza, hata hivyo, kupunguzwa nguvu kipande kwa kipande. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziliwekwa chini ya wakala mpya, TARURA. Kila hatua ilikuwa na sababu zake: TRA ina mtandao mpana wa ukusanyaji, na wakala huwaweka pamoja wahandisi waliokuwa wametawanyika. Lakini diwani huulizwa kuhusu barabara ambayo fungu lake halimo katika kitabu cha halmashauri yake, na baraza hujadili kodi lisiyoikusanya. Ikiwa historia ya 1969 ina funzo, ni kwamba chombo kikiachiwa kazi bila mapato huonekana kizembe, na kikionekana kizembe hupatikana sababu ya kukiondoa. Kwa hiyo kila wakala unaopewa kazi ya mji ulazimishwe kufika mbele ya baraza la mji huo kila robo mwaka, ulete taarifa yake na ujibu yatokanayo kama anavyojibu mkurugenzi.

Wajibu mwingine ni wetu. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi, na taarifa za mapato na matumizi zinapaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata na mitaa. Viti vya wasikilizaji vikibaki vitupu, posho ndiyo itakayozungumza. Tuwaulize madiwani wetu azimio la robo iliyopita limetekelezwa kwa kiasi gani, tukiwatajia mfereji kwa mtaa wake na zahanati kwa jina lake. Nchi hii ilishajaribu kuendesha miji bila swali hilo, na iliwachukua viongozi wake miaka mitano tu kutambua kwamba haiwezekani.