Anna Atkins na Mwani wa Rangi ya Buluu

Katika zama ambazo vyuo vikuu vya Uingereza havikuwapokea wanawake, Anna Atkins, aliyezaliwa Kent mwaka 1799 na kufiwa na mamaye angali mchanga, alisomeshwa elimu ya viumbe na babaye, John George Children, mwanachuoni aliyetumikia Makumbusho ya Uingereza. Na mzee huyo alipofasiri kitabu cha mwanachuoni Mfaransa Lamarck juu ya makombe, binti ndiye aliyemchorea picha zaidi ya 200.

Mwaka 1841 mtaalamu wa mimea William Harvey alitoa kitabu cha kuainisha mwani wa Uingereza, chenye ilimu nyingi lakini kisicho na picha, ilhali mwani, kwa wembamba wa nyuzi zake, haubainiki kwa maneno matupu. Mwaka uliofuata mwanasayansi Sir John Herschel, sahibu wa jamaa ya Anna, akavumbua njia ya kupiga picha pasipo kamera: karatasi hupakwa dawa zenye asili ya chuma, ikakaushwa gizani, mmea ukalazwa juu yake chini ya kioo na kuanikwa juani, kisha huoshwa kwa maji, na palipopigwa na jua pakawa buluu iliyokoza, palipokingwa na mmea pakabaki peupe.

Anna, aliyekuwa mchoraji hodari, aliiweka kalamu kando na kuutolea mwani picha kwa njia hiyo, kwa kuwa mchoraji hana budi kuchagua aonyeshe nini na aache nini, ama jua halichagui, na kivuli cha mmea ulioilalia karatasi hutoka kwa kimo chake hasa. Alianza kutoa kitabu chake cha picha za mwani mwezi wa Oktoba 1843, juzuu baada ya juzuu hadi 1853, kurasa karibu 400, na hata majina ya Kilatini yalitokea kwa hati ya mkono wake. Wengi huzisifu kurasa hizo kwa uzuri, nami nazisifu. Lakini uzuri huo ulitokana na maarifa, kwani asiyeujua mwani hawezi kujua utandazwe vipi hata matawi yake yadhihirike.

Kitabu cha mpiga picha Talbot, ambacho aghalabu hutangulizwa katika tarikhi ya sanaa ya kupiga picha, kilianza kutoka 1844, baada ya kile cha Anna. Anna alitia sahihi ya A.A. tu, na baada ya kufa kwake mwaka 1871 mtu mmoja alidhani herufi hizo ni za mpenda sanaa asiyejulikana. Wanaoandika tarikhi hiyo leo na waanze kwa jina lake kamili.