MAGAZIJUTO, mabehewa na kikokotoo cha Kabungu

Sisi tuliosoma shule ya msingi Tanzania tunaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Tuliikariri kama wimbo. Tulipofika kidato cha kwanza tukaikuta kanuni ileile imebadilishwa jina na kuitwa BODMAS, na wapo wenzetu waliodhani ni mada mpya kabisa. Mwaka huu nimelazimika kuitafakari upya kanuni hiyo huko Kabungu, mkoani Katavi, ambako mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, alikuwa akijenga kikokotoo cha kuchora grafu ndani ya Scratch, programu ya watoto ya kutengenezea magemu.

Kaka aliniuliza swali la mzazi: cha nini hicho, wakati kila simu ina kikokotoo? Makala hii ni jibu langu kwake, na jibu lenyewe linapitia kwenye historia.

Scratch ilitolewa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick pale MIT, Marekani. Huandiki amri, unaburuta vipande vya rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine. Unaweza kuitumia kwa Kiswahili, na ukishaiweka kwenye kompyuta haikudai bando. Imekusudiwa paka akimbie na mpira udunde. Lakini jukwaa lake lina upana wa hatua 480 na kimo cha 360, sifuri ikiwa katikati: x inatoka -240 hadi 240, y kutoka -180 hadi 180. Kwa hiyo kila gemu la Scratch linachezewa juu ya karatasi ya grafu, lile wazo ambalo Mfaransa René Descartes alilichapisha mwaka 1637.

Babu wa Scratch ni Logo, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1967 na Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini. Mtoto aliandika amri, kobe akachora. Papert alishikilia kwamba mtoto ndiye aitawale kompyuta, si kompyuta imtawale mtoto.

Na sisi tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Ni rahisi kucheka leo, lakini mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikuwa umeleta hasara, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Mashine ilinunuliwa ikiwa tayari, na ilipokwama, waliojua kilichokuwa ndani yake walikuwa wachache mno. Mimi hilo ndilo fundisho nililolichukua kwenye mkasa ule.

Turudi kwenye kikokotoo. Kuchora ndiyo sehemu nyepesi. Kijana aliamua hatua 20 ziwe uniti moja, hivyo x ikawa kati ya -12 na 12. Kalamu inashuka, x inaongezwa kidogo kidogo, y inakokotolewa, kalamu inasogea. Parabola ikajitokeza safi. Alipojaribu 1/x, mashine ikachora mstari wa wima katikati, mstari ambao kwenye hesabu haupo. Kalamu iliruka kutoka chini kabisa hadi juu kabisa bila kuinuliwa. Akaongeza sharti: y ikiruka mno, inua kalamu.

Ugumu ni pale mtumiaji anapoandika 2+3*x kwa mkono wake. Kwa Scratch hayo ni maandishi tu, sawa na jina la mtu. Dawa yake ilielezwa mwaka 1961 na Mholanzi Edsger Dijkstra, kwa mfano wa yadi ya kupangia mabehewa ya treni. Namba zinapita moja kwa moja. Alama zinaingia reli ya pembeni na kusubiri. Ikija alama dhaifu, zenye nguvu zilizotangulia zinatoka kwanza. Watu wa Mpanda hawahitaji kuchorewa picha hiyo. Tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa enzi za Waingereza kufuata madini ya risasi, na mpaka leo abiria anajua maana ya behewa kusubiri.

Hapo ndipo MAGAZIJUTO ilipokwama. Kijana aliifuata herufi kwa herufi, akaipa jumlisha nguvu kuliko toa. Akaandika 10-3+2. Mashine ikajibu 5.

"Shangazi, imekosea mashine au imekosea kanuni?"

Jibu sahihi ni 9. Jumlisha na toa zina cheo kimoja, inayotangulia kushoto ndiyo inayofanywa kwanza; vivyo hivyo gawanya na zidisha. BODMAS nayo ina mtego huohuo. Walimu wazuri huwa wanalisema hilo, ila wimbo hausemi, na mwanafunzi anayebaki na wimbo peke yake siku ya mtihani anaandika 5 kwa ujasiri wote.

Basi kaka, simu ingempa 9, naye angeipokea 9 bila kujua kwamba kichwani mwake kuna 5 inayosubiri siku ya kumwangusha. Alichojenga ni cha polepole, hakijui logi wala trigonometria. Lakini kimetii kila alichoambiwa, kosa likiwemo, na kosa hilo amelikamata mwenyewe na kulirekebisha kwa Kiswahili, lugha aliyojifunzia kanuni yenyewe.