Faragha ya nani? Usiku wa Tank Hill na masikio ya toto wa jikoni

Mwezi uliopita nilikuwa matangani Bungoma, upande wa mama. Mambo ya matanga mnayajua: mchana watu hulia, usiku moto huwashwa na mizaha ikaanza. Binamu yangu, ambaye kwa kuigiza watu hana mpinzani, akasimama na kumwiga Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini: Kiswahili chake, kichwa kinavyotikisika, chenji inavyohesabiwa mara tatu. Akaongeza maneno ambayo sitayaandika hapa. Tulicheka. Nasema tulicheka kwa sababu hata mimi nilicheka, tena kwa sauti.

Siku mbili baadaye video ilikuwa kwenye simu za watu. Aliyeirekodi ni kijana mmoja wa wale walioleta hema na viti vya kukodi. Kumbe siku nyingine hufanya kibarua cha kubeba saruji katika duka lilo hilo. Wako waliotaka binamu ashtakiwe kwa uchochezi. Wako waliosema Wahindi nao wana yao wanayotusema wakiwa wenyewe, sasa iko nini? Binamu alikuwa na utetezi mmoja tu: "Lakini si tulikuwa kwetu nyumbani?"

Khocha, yaani mjomba wetu, mzee aliyekwisha kupita miaka themanini, alikuwa kimya muda wote huo. Akakohoa, akasema, "Hayo ndiyo maneno ya bwana wangu wa Kitale."

Khocha alikuwa toto wa jikoni kwa mlowezi mmoja huko Trans Nzoia, miaka ya mwisho ya ukoloni. Msomaji kijana huenda hulijui jina hilo la kazi. Toto wa jikoni alikuwa mvulana wa kuosha sufuria, kupasua kuni na kumsaidia mpishi. Akikua akawa boi, akavaa kanzu nyeupe na kupanga sahani mezani, na angeweza kuitwa boi hadi mvi zimjae kichwani. Mabwana walimwamuru kwa kile Kiswahili kilichobatizwa Kisetla, lugha isiyojua ngeli wala adabu ya kuomba: lete, ondoa, pesi pesi. Chakula kikishaandaliwa waligeukia Kiingereza na kuzungumza watakavyo juu ya "hawa watu". Khocha anasema alikielewa Kiingereza miaka miwili kabla ya bwana wake kugundua. "Na wewe ulifanya nini?" nikamuuliza. "Nilileta supu, mpwa wangu. Ungefanya nini wewe?"

Hebu tulitazame neno lenyewe, faragha. Limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni utupu, hali ya chombo au mahali kutokuwa na kitu. Kwa Kiswahili mtu yuko faragha akiwa mahali pasipo watu wengine. Hapo ndipo shida ya mlowezi ilipokuwa. Alipofunga mlango wa sebule yake aliamini chumba ni kitupu, na huku boi amesimama nyuma ya kiti chake na jagi la maji mkononi. Faragha yake ilikamilika kwa kutomhesabu mtu mmoja.

Sasa twende Kampala, na twende kwa reli iliyopita Bungoma na Malaba, kwa maana kisa hiki kilikuwa chetu pia. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 Nairobi ilikuwa inashusha bendera ya Uingereza na kupandisha ya Kenya. Uganda ilikuwa imekwisha kupata uhuru wake Oktoba 1962. Usiku uo huo wa Kenya, kundi la Waingereza waliokuwa wakiishi Kampala walifanya sherehe ya binafsi katika kilima cha Muyenga, ambacho wao walikiita Tank Hill. Ilikuwa sherehe ya kejeli. Waliucheza mwisho wa ule unaoitwa mzigo wa Mzungu, wakaukebehi uhuru wa Waafrika na Waafrika wenyewe. Mlango ulikuwa umefungwa. Walioalikwa walikuwa wao kwa wao.

Habari ikatoka hata hivyo, ikafika magazetini, na Uganda ikawaka. Vijana wa chama tawala wakaja juu, wabunge wakalijadili Bungeni, na serikali ya Waziri Mkuu Milton Obote ikawafukuza nchini baadhi ya waliohusika. Kisa hicho kikabaki na jina la mahali tu: Tank Hill.

Utetezi uliosikika wakati ule hauna tofauti na wa binamu yangu. Ni nyumba ya mtu, ni vinywaji vyake, ni marafiki zake. Dola inatafuta nini sebuleni? Na utetezi huo si wa kupuuzwa. Kiswahili chenyewe kinatuweka njia panda hapa, maana neno uhuru ni moja tu. Huru zamani alikuwa mtu asiye mtumwa, jambo zito katika mji kama Kitale, ambako inasimuliwa kwamba klabu ya walowezi ilijengwa palipokuwa soko la watumwa. Baadaye uhuru ukawa bendera na wimbo wa taifa. Lakini uhuru pia ni haki ya mtu kusema upuuzi nyumbani kwake. Usiku ule wa Desemba uhuru wa nchi na uhuru wa mtu viligongana juu ya kilima kimoja, na lugha yetu haikuwa na maneno mawili ya kuvitenganisha.

Hata hivyo kuna jambo ambalo watetezi wa sebule ya Tank Hill hawalitaji, na watu wa Bungoma hawawezi kulisahau. Chini ya ukoloni faragha haikugawiwa sawa. Elijah Masinde na wafuasi wa Dini ya Msambwa walisali na kuimba upande wa Kimilili na Mlima Elgon. Waliyoyasema yalihusu rangi pia, tena waziwazi: Wazungu warudi kwao. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi watu waliokusanyika Malakisi, wakafa 11. Mwaka uo huo dini ikapigwa marufuku na Masinde akahamishiwa mbali, pwani ya Lamu, akakaa huko miaka mingi. Tangu hapo mtu aliweza kufungwa kwa kuhudhuria maombi ya Msambwa, hata yakifanyika kibandani usiku. Hakuna hakimu aliyeuliza kama walikuwa kwao nyumbani. Mlowezi wa Kitale alisema juu ya Mwafrika alilotaka akiwa mezani, na jambo hilo likaitwa mazungumzo. Mkulima wa Kimilili akisema juu ya Mzungu akiwa kibandani, likaitwa uasi.

Kwa hiyo Uganda ilipokasirika mwaka 1963, haikuwa imekasirishwa na mzaha mmoja. Watu walikuwa wamesimama nyuma ya viti miaka mingi, wamesikia yote, na wamenyamaza. Nawaelewa. Mimi pia ningekasirika.

Ila sina hakika kwamba ningetia saini amri ya kuwafukuza. Mkono wa serikali ukishaingia sebuleni hauchagui sebule. Mwaka 1968 serikali hiyohiyo ya Obote ilimtia kizuizini Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition, pamoja na mwanasiasa Abu Mayanja, na wao hawakumkejeli Mwafrika, walichapisha hoja. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Huku kwetu, mwaka uo huo wa 1968, serikali ya Kenya huru iliipiga marufuku tena Dini ya Msambwa, na Masinde akaendelea kuijua jela chini ya bendera mpya kama alivyoijua chini ya ile ya zamani. Sisemi kwamba Tank Hill ndiyo iliyozaa hayo yote. Nasema tu kwamba hasira ya haki ni kitu ambacho watawala hukiazima upesi na kukirudisha kwa kuchelewa.

Katiba yetu ya 2010 imejaribu kuyaweka haya mawili pamoja. Ibara ya 31 inalinda faragha. Ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza, kisha inakataa kuyakinga matamshi ya chuki. Ni maneno mazuri, lakini hayakutuambia tufanye nini na kijana aliyeleta viti.

Maana ndiye aliyenisumbua zaidi. Nilipojaribu kukumbuka usiku ule, nilimwona binamu, niliuona moto, niliwaona shangazi zangu wakijifuta machozi ya kicheko. Yule kijana sikumwona kabisa, ijapokuwa alikuwa umbali wa hatua nne na alitukaribishia viti. Nikamwambia Khocha. Akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Sasa umekuwa bwana wa Kitale," akasema. Sikupata la kujibu.

Mambo hayakufika polisi. Binamu alikwenda dukani, nikamsindikiza. Alikuwa ameandaa hotuba ndefu kwa Kiswahili sanifu, na nusu yake nilimwandikia mimi. Mwenye duka alimkatiza katikati, akamwuliza kwa Lubukusu safi, kilichonyooka kuliko cha binamu mwenyewe, kama babu yake hakuwa yule aliyenunua hapa mabati ya kwanza kwa deni. Binamu akasema ndiye. Basi akamwambia deni hilo lilikwisha kulipwa zamani, na kwamba kijana wa saruji asiguswe na mtu yeyote. Kisha akageukia mteja mwingine. Msamaha hakuutamka, wala binamu hakuthubutu kuuliza.