Kompyuta ya marehemu: nani ana haki ya kuifungua?

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika ukaingia katika nyumba na maduka ya Mahoko, wilayani Rubavu. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika Jimbo la Magharibi. Msiba kama huo, na hata ule unaokuja polepole kwa maradhi, siku hizi huacha jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: kompyuta iliyofungwa kwa neno la siri, na mwenye neno hilo amekwisha zikwa. Ndani yake huenda mna picha za watoto, au hesabu ya madeni ya duka.

Kompyuta yenyewe ni mali ya mirathi, sawa na kitanda au shamba. Yaliyohifadhiwa kwenye akaunti za mtandao yana utaratibu wake. Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda taarifa binafsi nchini Rwanda, inamruhusu mtu kumpa mrithi, kwa wasia, haki kamili au yenye mipaka juu ya taarifa zake zinazoshikiliwa na kampuni au taasisi. Pasipo wasia, familia hubaki ikitegemea masharti ya kila kampuni, na masharti hayo ni magumu.

Kufuli za kompyuta ni za aina mbili. Ya kwanza ni neno la siri la kuingilia tu. Hapo fundi anaweza kuichomoa diski, kuiunganisha na mashine nyingine na kunakili mafaili. Ya pili huyageuza maandishi yote ya diski kuwa fumbo, kama ifanyavyo BitLocker katika kompyuta nyingi za Windows. Hiyo haifunguki ila kwa neno la siri au kwa ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenyewe au huandikwa karatasini. Basi tafuteni kwanza katika madaftari na bahasha za marehemu.

Hatari kubwa, kwa maoni yetu, ni haraka. Fundi akiambiwa tu "ifungue", njia rahisi kwake ni kuweka programu upya. Mashine itawaka vizuri, nayo kumbukumbu zote zitakuwa zimefutwa. Aelezwe wazi kwamba kinachotakiwa ni mafaili, na warithi wawe wamekubaliana kabla ya mashine kutoka nyumbani. Cheti cha kifo nacho kipatikane mapema, kwani kampuni hukidai.

Aliye hai anaweza kuwapunguzia wanawe taabu hii. Tangu 2013 Google humruhusu mwenye akaunti kuchagua watu wasiozidi 10 watakaopewa taarifa zake akaunti ikikaa kimya kwa muda aliouweka, kati ya miezi 3 na 18. Apple ilianzisha mpango wake mwishoni mwa 2021: mtu aliyeteuliwa huonyesha ufunguo maalumu pamoja na cheti cha kifo. Hata hivyo, maneno ya siri yaliyohifadhiwa humo hapewi.

Laini ya simu ya marehemu nayo isiachwe ikafungwa kabla mambo hayajakamilika, maana huko ndiko namba za uthibitisho za akaunti nyingi hutumwa.